Pengo peke yake halitoshi: dhana potofu kuhusu kuhalalisha utafiti

Dhana: "Hakuna aliyewahi kuchunguza hili" ni sababu tosha.

Yasiyochunguzwa hayana idadi, na mengi hayamkwazi mtu. Pengo, yaani jambo ambalo halijachunguzwa, huwa hoja pale unapoonyesha nani anakwama kwa kutolijua jambo hilo, na anakwama katika uamuzi gani. Isitoshe, dai hilo huvunjika upesi: mtahini akipata tasnifu moja tu kwenye maktaba ya chuo, hoja yako yote imeanguka. Andika ulichotafuta hasa: hifadhidata zipi, maneno gani (kwa Kiswahili na kwa Kiingereza), hadi mwezi gani.

Dhana: Ukibadilisha mahali, umepata utafiti mpya.

"Ulifanywa Kisumu, mimi nitaufanya Githurai." Mapendekezo mengi ya utafiti hurudishwa kwa sentensi hii, na ni haki yarudishwe. Taja kilichoko Githurai kinachoweza kugeuza matokeo. Usipokipata, badilisha swali.

Mabadiliko ya wakati nayo yanahitaji hoja. Chukua Barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Takwimu za muda wa safari zilizokusanywa kabla ya 2022 zilipima njia isiyokuwa na Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Anayepanga vituo vya matatu kwa takwimu hizo anapangia barabara iliyokwisha kubadilika. Hiyo ni sababu nzito. Lakini ukichunguza misemo ya makanga, barabara hiyo haikusaidii mpaka uonyeshe imegusa vipi usemi wao.

Aya yenyewe ya kuhalalisha utafiti ifuate mkondo huu: kinachojulikana, kinapoishia, hasara ya kuishia hapo, kisha utakachopima wewe. Wengi huiruka hasara, wakaandika kwamba utafiti "utawafaa watunga sera, wasomi na umma". Taja idara moja na uamuzi mmoja.

Dhana: Kurudia utafiti wa mwingine ni kukosa ubunifu.

Kurudia ni halali ukionyesha udhaifu wa ule wa kwanza. Sampuli ya nasibu ya watu 30 ikitoa asilimia 50, kosa linalowezekana ni takriban pointi 18 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kwa watu 385 hushuka hadi 5. Weka hesabu hiyo ndani ya aya.

Dhana: Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu nchini Kenya) kinathibitisha utafiti unahitajika.

Kibali kinakuruhusu kukusanya data. Swali la kwa nini uzikusanye bado ni lako kulijibu.