Je, wajua kwa nini kaa wa mtoni hunaswa kwa uzi usio na ndoana?

Funga shingo ya kuku kwenye uzi wa katani, itumbukize kwenye kidimbwi cha kijito cha Rungwe au Mufindi, subiri robo saa, kisha vuta taratibu. Ukibahatika, kaa atapanda pamoja na chambo, gando limekaza, ilhali hakuna kilichomfunga. Angeweza kuachia wakati wowote. Mbona haachii?

Sehemu ya jibu imo ndani ya gando lenyewe. Lina misuli miwili, mmoja wa kufunga na mwingine wa kufungua. Ule wa kufunga ndio umejaza karibu gando zima (nyama unayochokonoa ukila kaa ni huo), na wa kufungua ni mwembamba tu. Nyingi za nyuzi za msuli wa kufunga hukaza polepole, lakini zikishakaza hudumu hivyo muda mrefu bila kuchoka. Kushikilia, kwa kaa, si kazi kubwa.

Sehemu ya pili ni njaa na majirani. Kaa wa mtoni hula majani yanayooza, wadudu na mizoga. Kipande cha nyama ni bahati, na chini ya jiwe la pili yupo mwenzake anayekinusa vilevile. Atakayelegeza atanyang'anywa. Wewe ukivuta uzi polepole, kaa hana namna ya kujua kwamba ni mtu; anavutwa kama anavyovutwa na kaa mwingine, naye anazidi kukaza.

Lakini ujanja huo una mwisho, na mwisho wake ni uso wa maji. Majini kaa ni mwepesi kwa sababu maji yanambeba. Akitokeza tu, uzito wake wote unamrudia, anaanza kuning'inia, mwanga na vivuli vinamzunguka. Hapo huachia. Ndiyo maana watoto wengi humwona kaa wao akifika sentimita chache kutoka mkononi na kurudi "chubwi". Dawa yake ni wavu wa mkono au tenga, uwekwe chini ya kaa akiwa bado majini. Mtu mmoja avute, mwingine akinge. Mchezo huu haumfai mtu wa peke yake, na hilo ni jambo zuri kwa familia iliyotoka kutembea Jumapili.

Vifaa ni vichache. Uzi wa katani au wa nailoni nene, mita tatu hadi tano; mshipi mwembamba wa kuvulia samaki wa nini, ukukate vidole? Jiwe dogo la kuzamisha, lifungwe sentimita kumi juu ya chambo. Chambo kiwe kigumu na chenye harufu: shingo ya kuku, kichwa cha samaki, mfupa wenye nyama. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wananukia vizuri sana ila hukatika vipande, kaa akaondoka na chake. Watie kwenye kipande cha soksi nyembamba ya nailoni ukifunge. Maji yakishaosha harufu, baada ya nusu saa hivi, badilisha.

Mahali pa kutega pana maana kuliko chambo. Kaa hunusa kwa vipapasio vidogo vilivyo katikati ya macho yake, na harufu husafiri na mkondo. Basi weka chambo upande wa juu wa kidimbwi, ili harufu ishuke kwenye mawe yote ya chini, nao wapande kuifuata. Wavu nao ukae upande wa chini wa kaa: akiachia, mkondo wenyewe unamtia ndani. Wengi hufanya kinyume, wakautumbukiza wavu kwa kishindo mbele ya macho yake. Ukiona ukingoni kinyesi chenye vipande vya magamba, fisi maji amekutangulia. Hapo kaa wapo.

Kaa hutoka zaidi giza likiingia, kwa hiyo saa za jioni ni bora kuliko mchana. Mto ukiwa wa rangi ya tope baada ya mvua, rudini nyumbani. Mito ya Rungwe imeinama sana na hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu mlimani, hata kama mlipo ni pakavu.

Kaa hawa ni wa jenasi Potamonautes, jina lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha "baharia wa mto". Mmoja wao, Potamonautes lirrangensis, anaishi Ziwa Nyasa. Huitwa kaa wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ingawa Mufindi mwezi wa Juni jina hilo linafaa kwa maana zote mbili. Tofauti yao kubwa na kaa wa pwani iko kwenye uzazi. Kaa koko wa mikokoni hutaga mayai kwa mamilioni, na watoto wake huelea baharini kama viluwiluwi. Wa mtoni hutaga machache na makubwa, huyabeba chini ya tumbo, na kila yai huanguliwa kaa mdogo aliyekamilika. Hakuna kundi la watoto litakaloletwa na maji kuziba pengo. Kijito kikimalizwa jike, kitakaa kitupu muda mrefu. Mgeuze kila unayemnasa: mkia uliokunjwa tumboni ukiwa mpana, ni jike, ukiwa mwembamba wa pembetatu, ni dume. Jike mwenye mayai au watoto arudishwe palepale. Wala msitumie chandarua chenye dawa, kwani dawa ile inaua kaa na samaki hata wale msiowataka.

Ndoo isijazwe maji. Maji yaliyosimama huishiwa hewa haraka, na kaa hufa humo, jambo linaloshangaza watu. Weka maji ya sentimita mbili na majani mabichi mengi. Matamvua yake yakibaki na unyevu anapumua vizuri. Msiwarundike, watakatana miguu.

Wa kula wachemshwe hadi waive kabisa. Katika sehemu kadhaa za Afrika kaa wa maji baridi hubeba minyoo ya mapafu, na kaa mbichi au nusu mbichi ndiye mlango wake. Mchana vaeni mikono mirefu kujikinga na usubi, wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon walieleza kwamba mabuu wa aina moja ya usubi, Simulium neavei, huishi wamejibandika kwenye miili ya kaa wa mtoni. Na mkishuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kaeni mbali na midomo ya mito, maana kuna mamba.

Kumshika, bana gamba kwa nyuma, kidole gumba juu na vingine chini. Gando halifiki huko. Akikuwahi kidole, usimvute wala usimtikise. Ukivuta, kaa anaweza kulikata gando lake mwenyewe na kukimbia (litaota jingine akijivua gamba), na gando lililobaki linaendelea kubana. Tia mkono majini hadi miguu yake iguse chini, utulie. Akishajiona amesimama, mara nyingi huachia. Kama limebaki gando peke yake, sukuma ule ukucha unaocheza kuelekea nje. Ule mwingine haufunguki.