Pasaka ya Wayahudi si kumbukumbu ya mababu tu

Wengi hudhani usiku wa Seder, mlo wa ibada wa Pasaka, Wayahudi hukaa mezani kukumbuka yaliyowapata mababu zao Misri, basi. Sivyo. Hagada, kitabu kinachosomwa usiku huo, humtaka kila mtu wa kila kizazi ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Ndiyo maana utumwa huonjwa kwa ulimi: mboga huchovywa kwenye maji ya chumvi, mfano wa machozi, majani machungu hutafunwa. Kwa Kiebrania Misri ni Mitzrayim, na walimu wao husikia humo metzarim, mahali pembamba panapobana. Hapo swali humgeukia aliyeketi: wewe umebanwa wapi? Deni? Pombe? Woga? Kinachonigusa zaidi ni matza, mkate usiochachuka: uleule wa dhiki ndio wa safari ya uhuru.