Mlango wa ndege ndogo usiofungika: dhana potofu na ukweli

Asubuhi katika uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, wakati ndege za kwanza zinapopakiwa mizigo ya kwenda Maasai Mara na kaskazini, husikika mara kwa mara mlango wa ndege ndogo ukibamizwa, ukifunguliwa, kisha ukibamizwa tena kwa nguvu zaidi. Mimi ni fundi wa ndege, na sauti hiyo hunisumbua kuliko muungurumo wa injini yoyote, kwa sababu mlango usiofungika huwa na sababu yake, na sababu hiyo haiondolewi kwa kuubamiza.

Dhana: Mlango ukikataa, uongeze nguvu.

Huenda mazoea haya yametokana na magari, ambayo milango yake ni mizito na huvumilia mengi. Mlango wa ndege ndogo za injini moja kama Cessna 172 au Piper PA-28 ni bati jembamba la alumini lililopigwa ribiti juu ya mbavu nyembamba, na kila unapobamizwa hupinda kidogo, kitasa hulegea, na kioo cha plastiki huanza kupata nyufa kwenye kingo. Kabla ya kuongeza nguvu, chungulia kizingiti chote kuanzia chini hadi juu. Mara nyingi utakuta ncha ya mkanda wa kiti, kona ya zulia, kamba ya begi au changarawe iliyoingia na viatu vya abiria. Kisha tazama ulimi wa komeo: ikiwa umeshachomoza wakati mlango bado uko wazi, utagonga fremu na kurudi hata ukisukumwa na watu wawili, na dawa yake ni kurudisha kitasa mahali pa kufungulia ili ulimi uingie ndani kabla ya kuvuta mlango upya. Jambo la tatu ni hewa. Kabati ya ndege ndogo, yaani chumba wanamokaa rubani na abiria, ikiwa imezibwa vizuri, hewa iliyomo ndani husukumana na mlango unaokuja, na kufungua kidirisha kidogo cha rubani kunatosha kuupa nafasi.

Mkanda wa kiti unastahili kuongezewa neno. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, rubani mmoja alirudi na ndege muda mfupi baada ya kupaa akieleza kwamba injini ilikuwa inagonga. Tulifungua kava zote, tukakagua silinda na mabomba kwa muda mrefu bila kuona kasoro, hadi mzee mmoja wa karakana alipozunguka upande wa abiria na kutuonyesha rangi iliyochubuka chini ya mlango. Bizimu la mkanda lilikuwa limeachwa nje, na upepo ulikuwa ukilipigapiga kwenye bodi mfululizo. Rubani hakukosea kurudi, kwa sababu sauti ile ukiwa ndani hufanana kabisa na injini inayovunjika.

Dhana: Ukishasikia komeo limelia, mlango umefungwa.

Piper za jamii ya PA-28 zina mlango mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa, nao una makomeo mawili: la ubavuni na la juu. La juu husahauliwa kwa urahisi, hasa abiria anapojifungia mwenyewe. Ndege ikiwa imesimama chini, mlango huonekana sawa. Ikishika kasi, hewa inayopita juu ya mgongo wa kabati hupunguza kanieneo upande wa nje, na ukingo wa juu wa mlango huvutwa, ukaachana na fremu. Kwa hiyo uhakika hautafutwi kwa masikio. Sukuma kona ya juu ya mlango kwa kiganja, ikicheza, haujafungwa.

Dhana: Mlango ukifunguka angani, abiria watavutwa nje.

Hofu hii iliongezeka baada ya tarehe 5 Januari 2024, pale Boeing 737-9 ya Alaska Airlines ilipopoteza kizibo cha mlango, yaani paneli inayoziba nafasi ya mlango usiotumika, muda mfupi baada ya kuondoka Portland nchini Marekani. Watu wote 177 walinusurika, lakini picha za lile tundu zilibaki vichwani mwa watu. Kabati ya ndege ile hujazwa hewa yenye mgandamizo mkubwa kuliko ya nje, ndiyo maana hewa ilitoka kwa kishindo. Cessna 172, Cessna 206 na PA-28 za kawaida hazijazwi hewa hivyo. Tena bawaba za milango yao ya mbele ziko upande wa pua ya ndege, kwa hiyo upepo wenyewe huusukuma mlango kuelekea fremu, nao hubaki umeachama kidogo tu. Kelele huwa kubwa, karatasi hupeperuka na kasi hupungua kiasi, lakini ndege huendelea kuruka na inaweza kutua kama kawaida.

Hatari ya kweli iko kwenye mikono na macho ya rubani. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hukosa takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na ndege iliyojaa hupanda polepole. Rubani anayeinama upande wa abiria kutafuta kitasa katika dakika hiyo anaweza kuinua pua bila kujua, kasi ikaanguka, na bawa likakosa hewa ya kulibeba akiwa hana kimo cha kujiokoa. Kama magurudumu bado yako chini na njia iliyobaki inatosha, apunguze nguvu asimame. Kama ameshapaa, airushe ndege kwanza, aujulishe mnara, azunguke na kutua, kisha mlango ufungwe chini. Nasema haya kwa msisitizo kwa wanafunzi wa urubani kila ninapopata nafasi.

Dhana: Mafuta kidogo yatamaliza tatizo.

Mafuta ya kawaida huvimbisha mpira wa mlango na kukamata vumbi jekundu la viwanja vya murram, na mchanganyiko huo husaga bawaba kama msasa. Hata mpira mpya si tiba ya moja kwa moja: ukiwa mnene kupita kiasi au umegundishwa nje ya mstari wake, huzuia komeo lisiingie kikamilifu.

Kutambua bawaba zilizochoka ni rahisi. Fungua mlango nusu, ushike ukingo wake wa nyuma na kuuinua taratibu. Ukipanda na kushuka, pini zimelika. Husababishwa na watu wanaojining'iniza mlangoni wakati wa kupanda, au upepo ulioufungua mlango ghafla. Usilainishe fremu kwa tupa ili ulimi upate njia. Kazi hiyo ni ya injinia mwenye leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, KCAA, na huandikwa kwenye kumbukumbu za ndege.

Dhana: Mlango wa nyuma wa Cessna 206 ni wa mizigo tu.

Nyingi kati ya ndege hizi zina mlango mmoja wa mbele, upande wa kushoto, na mlango wa nyuma wa vipande viwili upande wa kulia, ambao ndio njia ya karibu kwa abiria wa nyuma. Kipande cha mbele kina swichi kwenye fremu inayozuia flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zisishuke mlango usipofungwa, kwa hiyo flapu zikikataa, kagua mlango kabla ya kulaumu mota. Kinyume chake ndicho kinachonikosesha usingizi: flapu zikiwa chini, kipande hicho hugonga flapu na kufunguka upenyo mdogo tu, na abiria lazima afikie kitasa cha kipande cha nyuma kupitia upenyo huo, kisha akisukume kwa nguvu. Mtu aliyeogopa, ndani ya moshi au maji, hawezi kukitafuta kitasa hicho kwa mara ya kwanza. Aonyeshwe kabla injini haijawashwa, kwa lugha anayoielewa, na akiguse kwa mkono wake mwenyewe.