"Nyumbani Ongeeni Kiingereza Tu": Ushauri Unaowarudisha Watoto Nyuma

Kila muhula unapofungwa na ripoti kutolewa, wazazi wengi wa Nairobi huambiwa neno lilelile: mtoto ni dhaifu kwa Kiingereza, basi huko nyumbani ongeeni Kiingereza tu. Husemwa Kayole, husemwa Eastleigh, husemwa Kawangware. Anayesema aweza kuwa mwalimu wa darasa, jirani, au mjomba aliyesoma. Mzazi huupokea ushauri huo kwa nia njema na kuanza kuutekeleza jioni hiyohiyo. Nimeusikia mara nyingi mno, na madhara yake nayaona kwenye madaftari ya watoto. Kwa hivyo ndio nitakaoushughulikia zaidi hapa. Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka.

Dhana: lugha ya nyumbani inakula nafasi ya Kiingereza

Wanaoamini hivi hudhani kichwa cha mtoto kina kiti kimoja, Kikamba kikikalia basi Kiingereza kisimame. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Anachojifunza mtoto kwa lugha moja, yaani maana, mpangilio wa mawazo, namna ya kusoma, hutumika katika lugha ya pili bila kufundishwa upya.

Tazama kinachotokea nyumbani ushauri huu unapofuatwa. Mama anayeuza mitumba Gikomba ana Kiingereza cha kumtosha kazini. Akiambiwa atumie hicho tu na mwanawe, mazungumzo yanapungua hadi kubaki amri: "Come." "Eat." "Go and bathe." "Where is your homework?" Yaliyopotea ni yale yote yaliyokuwa yakisemwa katikati ya amri hizo: kwa nini maharagwe hulowekwa kabla ya kupikwa, ilikuwaje shangazi akakosa matatu ya mwisho, mbona mwenye nyumba amepandisha kodi, ungekuwa wewe ungefanya nini. Humo ndimo mtoto anamojifunza kueleza sababu, kupanga matukio, kulinganisha, kukisia na kutetea hoja. Na hizo hasa ndizo kazi anazotakiwa kuzifanya katika swali la Sayansi akifika Gredi ya 6.

Mtoto anayezijua vyema "ingawa", "isipokuwa" na "kwa hivyo" akikutana na "although", "unless" na "therefore" anapewa majina mapya ya vitu alivyokwisha kuwa navyo. Asiyezijua katika lugha yoyote anafundishwa vitu viwili kwa mpigo, na mwalimu mwenye darasa la watoto 60 hana muda wa viwili. Vivyo hivyo kwa mada za somo. Aliyewahi kuelezwa kwa Kiluo au Kiswahili kwa nini nguo hukauka upesi siku ya upepo, na maji yake huenda wapi, amebakisha neno moja tu la kujifunza siku ya somo la "evaporation". Mwenzake atalikariri neno, atalipata katika swali la kujaza pengo, na atakwama akiulizwa aeleze.

Kusoma nako ni hivyohivyo. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Baadaye hujifunza kanuni za kila lugha. Kiswahili ni mlango mzuri kwa kuwa herufi zake hutamkwa vilevile kila mahali, na mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Kiingereza kina "though", "through" na "cough", tahajia moja na sauti tatu. Ukimwanzisha mtoto hapo, katika lugha asiyoielewa, hana namna ya kujua kama alichosoma ni sahihi, kwa sababu neno lenyewe hajawahi kulisikia. Hukariri umbo la neno zima, na akifika maneno mia kadhaa kumbukumbu inamchanganya.

Ni kweli lugha ya kwanza huacha alama katika usomaji, lakini alama hizo hufundishika kwa dakika chache. Kisomali kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na humo herufi "c" na "x" zinawakilisha sauti za koo zilizo karibu na ain na haa za Kiarabu: Cali ni Ali, Xasan ni Hassan. Mtoto wa Eastleigh aliyejifunza kusoma nyumbani kwa Kisomali akikwama kwenye "cat" si mzito. Mwonyeshe kwamba herufi hiyo ina kazi nyingine katika Kiingereza, mpe maneno 10 ya mazoezi, endelea na somo.

Sera yenyewe ya nchi iko upande huu. Ripoti ya Gachathi ya 1976, ya kamati ya serikali kuhusu elimu, ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi (CBC) umeendeleza hivyo hadi Gredi ya 3. Kwa miji yenye makabila mengi kama Nairobi, lugha hiyo huwa Kiswahili. Shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni, wengine hukiita diski, wengine monto, kwa kosa la kuongea lugha yake, zinafanya kinyume cha sera na kinyume cha akili. Mtoto aliyeadhibiwa haanzi kuongea Kiingereza. Anaanza kunyamaza, na anayenyamaza hafanyi mazoezi ya lugha yoyote.

Basi nyumbani tuongee lugha gani, ikiwa baba ni Mluo, mama ni Mkamba na mtaa mzima ni Kiswahili na Sheng? Kipimo changu ni kimoja: lugha unayoweza kusimulia kisa kwa dakika 10 bila kukwama wala kutafuta neno. Ikiwa ni Kiswahili, sawa. Ikiwa ni Kikamba kwa mama na Kiluo kwa baba, sawa pia, kila mzazi ashike yake. Ikiwa kwa kweli ni Kiingereza, ongeeni Kiingereza.

Kisha tenga dakika 20 kila jioni, mkiosha vyombo au mkichambua sukuma, na ufuate utaratibu huu. Dakika 5 za kwanza mtoto anasimulia jambo moja lililofundishwa siku hiyo, kwa lugha ya nyumbani, usimkatize. Dakika 10 zinazofuata uliza maswali ya "kwa nini", "ungejuaje" na "ingekuwaje kama", kamwe si ya kujibiwa ndiyo au la. Dakika 5 za mwisho anaandika maneno matatu ya siku hiyo kwenye daftari lenye safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa lugha ya nyumbani, na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Matatu kwa siku ni 15 kwa wiki ya shule, na yanatosha. Ijumaa funika safu ya kwanza na ya tatu, aseme maneno yote kwa kuangalia maana. Aliyoyakosa yanaingia wiki inayofuata. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kumwandikia mtoto maneno 20 ya kamusi kila siku. Siku ya tatu daftari linaachwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kuyafanya haya yote. Hilo nalirudia kwa kila anayeniambia hana la kumsaidia mwanawe kwa kuwa hakusoma.

Dhana: anaongea kama maji, kwa hivyo Kiingereza anakijua

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha mambo haya mawili, Kiingereza cha kuongea na Kiingereza cha masomo, mwaka 1979 na bado yanachanganywa. Kiingereza cha uwanjani, cha kuomba kalamu na kubishana kuhusu mpira, mtoto hukipata kwa mwaka mmoja hadi miwili. Kiingereza cha vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7, hata zaidi. Sasa piga hesabu: mtoto aliyefika kutoka Juba au Goma akaingia Gredi ya 4 bila Kiingereza ana miaka mitatu tu kabla ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6. Mwalimu akimwona akicheka na wenzake muhula wa tatu, humwondolea msaada wote, kisha alama zikishuka huandika kwenye ripoti kwamba amezembea.

Hisabati hulifichua jambo hili vizuri. Swali: "Amina has 12 mangoes. She has 5 more than Otieno. How many does Otieno have?" Mtoto huona "more", hujumlisha, huandika 17. Jibu ni 7. Kabla ya kumpeleka tuisheni ya hisabati, msomee swali hilohilo kwa Kiswahili. Akipata 7, shida ni lugha, na dawa yake ni kumfundisha asome kiini cha sentensi nzima na achore picha ya nani ana nyingi. Akiandika 17 tena, hapo ndipo urudi kwenye hesabu yenyewe.

Kwa vitabu vya kusoma nyumbani, hesabu maneno 100 ukurasani. Asiyoyajua yakizidi 5, kitabu hicho ni kigumu kusomwa peke yake. Kisomeni pamoja au tafuteni chepesi.

Dhana: kila kosa lisahihishwe papo hapo

Makosa mengi ya watoto wetu yana sababu, na ukiijua sababu husahihishi 30, unasahihisha moja. Anayeandika "My mother, he is a nurse" hajasahau mama ni mwanamke. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina "yeye" kwa wote. Anayesema "I have ten years" anasema "nina miaka kumi". Anayeuliza "You are going where?" ameweka "wapi" pale inapokaa katika "unaenda wapi?" Viambishi vya mahali navyo: "-ni" yetu inabeba "in", "on" na "at" kwa pamoja, maana mezani ni juu ya meza na pia ni kando yake. Ndiyo maana vihusishi vya Kiingereza humsumbua mtoto hadi sekondari, na ni vyema kumfundisha kwa vitu halisi: kalamu ndani ya kikombe, juu ya kikombe, kando ya kikombe.

Kosa moja huwaletea watoto adhabu wasiyostahili. Mwalimu anauliza, "You didn't bring your book?" Mtoto anajibu "Yes", akiwa na maana ya "Ndiyo, sikuleta", kwa kuwa Kiswahili hukubaliana na kauli ya aliyeuliza. Kiingereza kinataka "No, I didn't." Mwalimu anaona mtoto anadanganya, au anadharau. Naomba walimu waache kabisa maswali ya kukanusha kwa wanaojifunza. Uliza "Where is your book?" na matatizo yaishe.

Katika mazungumzo, rudisha sentensi yake ikiwa sahihi kisha endelea: akisema "He go to market yesterday", jibu "Oh, he went to the market. What did he buy?" Katika insha, chagua aina moja ya kosa kwa wiki, weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa hilo, na umwachie alitafute mwenyewe. Ukurasa uliojaa wino mwekundu humfundisha kuandika sentensi fupi asikosee.

Nyingine, kwa ufupi

"Haongei darasani, hajifunzi." Mtoto mgeni katika lugha aweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akisikiliza tu. Mpime kwa matendo: aonyeshe, apange picha, achore mstari. Ukimuuliza swali hesabu kimya hadi 5 kabla ya kumwita mwingine. Walimu wengi hawafiki hata 2. Mkalishe na mwenzake wa lugha moja, na umpe vianzio vya sentensi ubaoni, kama "I think... because...", ili asihangaike na mwanzo.

"Sheng inaharibu Kiingereza." Wanaochanganya lugha hufuata kanuni, na mtoto wa Nairobi anajua vizuri kwamba hamwongeleshi mwalimu mkuu anavyomwongelesha kondakta. Kinachohitajika ni kumwonyesha wazi ni lugha ipi ya insha, kwa kumpa sentensi 5 za Sheng aziandike kwa Kiswahili sanifu kisha kwa Kiingereza.

"Katuni zitamfundisha." Zitampa lafudhi na nyimbo. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kujibiwa, na televisheni haimjibu.

"Lugha nyingi zimemletea kigugumizi," au "zimemfanya mzito wa kusoma." Lugha nyingi hazileti kigugumizi wala disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma. Ulemavu wa lugha, ukiwepo, huonekana katika lugha zote za mtoto, hata ile anayoongea na nyanya yake. Kwa hivyo swali la kwanza ni: je, kwa lugha ya nyumbani alichelewa kuunganisha maneno? Anafuata maagizo ya hatua tatu? Anasimulia kisa kikaeleweka? Kama yote ni sawa, anahitaji muda na mafunzo ya Kiingereza. Kama si sawa, usisubiri akijue Kiingereza kwanza. Mpeleke kituo cha tathmini ya elimu cha eneo lako, au kile cha KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya, Kasarani. Nenda na madaftari yake ya lugha zote, matokeo ya kupimwa masikio na macho, na mwezi na mwaka alioanza kusikia Kiingereza kila siku. Mpimaji asiyeujua mwaka huo anaweza kumlinganisha mtoto wa miaka miwili ya Kiingereza na wenzake wa miaka minane. Omba pia apimwe kwa lugha anayoiweza zaidi, na kama mpimaji haijui, nenda na mtu mzima anayeijua, asiwe ndugu yake mdogo wa kutafsiri.