Kava ya Tapeti Inapovuja: Yasemwayo Kigoma na Yaliyo Kweli

Mwezi wa Agosti, vumbi la Kigoma likiwa limeiva, fungua boneti ya Probox au Noah iliyoegeshwa Mwanga. Mara nyingi utakuta ubavuni mwa injini, chini kidogo ya kifuniko cha juu, utando mnene wa rangi ya matofali: vumbi lililogandia oili. Kifuniko hicho ndicho kava ya tapeti. Wengine hukiita vali kava, wengine roka kava, ingawa kwenye injini nyingi za siku hizi hakuna hata roka ndani yake. Kazi yake ni kufunika vali na kamshafti, ile shafti inayozifungua, na kuizuia oili inayorushwa humo isitoke nje. Kati ya kava na hedi, yaani kichwa cha injini, kuna mpira mwembamba. Huo ndio gasketi, na ndio unaokufa.

Mimi si fundi wa kuajiriwa. Nina Probox yenye injini ya 1NZ, na safari zangu ni Mwanga, Mwandiga, Manyovu na kurudi. Gasketi hii nimeibadilisha uani kwangu mara tatu, na kabla ya hapo nilibadilishiwa mara moja, vibaya. Ile ya kubadilishiwa ndiyo inayonifanya niandike, maana tiba ilinitia hasara kuliko maradhi.

“Injini yote imelowa, basi gasketi ya hedi imeungua”

Ukiambiwa hivi kabla mtu hajaifuta injini, omba muda. Oili hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Tone linalodondoka karibu na gia boksi laweza kuwa limeanzia juu kabisa, kona ya nyuma ya kava, likateremka taratibu hadi chini. Anayechungulia uvunguni ataapa kwamba ni sili ya krenki, na hapo utaambiwa gia boksi ishushwe. Watu wamelipia kazi ya siku nzima, kumbe ugonjwa ulikuwa mpira wa juu.

Gasketi ya hedi iko chini zaidi, kati ya hedi na bloku. Inapoharibika kwa kawaida hutoa dalili nyingine: maji ya rejeta yanapungua bila kujulikana yanakwenda wapi, joto linapanda, moshi mweupe unatoka na hauishi, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kama huna hata moja kati ya hizo, usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu tu injini ni chafu.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Injini ikiwa ya baridi, isafishe kwa sabuni ya kuondolea grisi na brashi, ukiepusha maji na koili, fyuzi na alteneta. Usitumie petroli. Najua wengi huitumia, lakini mvuke wake unawaka kwa cheche moja ya betri, na hapo umeinama juu yake. Injini ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote kuanzia kava kwenda chini. Endesha dakika kumi na tano, zima, kisha mulika kwa tochi. Palipolowa juu kuliko pengine pote ndipo penye kosa. Hata vumbi letu ni shahidi mzuri: uvujaji wa zamani ni tope kavu, wa sasa unang'aa.

Halafu kuna uvujaji usioonekana kwa nje. Kwenye injini nyingi plagi zimezama ndani ya visima vinavyopita katikati ya kava, na kila kisima kina sili ya kuzuia oili. Sili ikichoka, kisima kinajaa, mpira wa koili unalowa na kulainika, na gari linaanza kumisi, yaani injini kukatakata, hasa ukiwa mlimani. Mtu ananunua koili mpya, anapata nafuu ya wiki chache, inamisi tena. Ukichomoa koili ikatoka imelowa oili, anza na kava kabla ya kwenda dukani.

“Kaza tu, itaacha”

Haitaacha. Mpira uliokaa miaka juu ya joto huwa mgumu kama plastiki. Ukiubonyeza kwa kucha hauitikii. Hata ukikaza namna gani, hauwezi tena kujaza mwanya. Tena bolti nyingi za kava zina bega: bega likishagusa, mpira umeshabanwa kiasi ulichopimiwa, na nguvu inayoongezwa inaishia kwenye bolti na kwenye uzi wa tundu. Uzi huo umechongwa kwenye alumini, ambayo ni laini.

Kwa 1NZ kipimo cha kukaza ni nyutoni mita 10. Ni sawa na uzito wa kilo moja ukiuning'iniza kwenye ncha ya fimbo ya mita moja. Kidogo, siyo? Bolti ni ile ya spana namba 10, na mkono wa mtu mzima ukishika raketi (mpini wa soketi) ndefu unapita kipimo hicho bila kujua. Injini nyingine zina kipimo chake, kwa hiyo tafuta cha gari lako. Kama huna spana ya kupimia nguvu, shika raketi ndogo karibu na kichwa chake, kwa vidole vitatu, na uache pale bolti inapogoma. Bolti ikikatikia ndani ya hedi, au kava ya plastiki ikipata ufa, kazi iliyokuwa ya asubuhi moja inageuka kusubiri spea itoke Dar kwa basi.

“Paka silikoni ya kutosha”

Hapa ndipo nilipoumia. Yule aliyenibadilishia aliona gasketi mpya haitoshi, akaizungushia silikoni nje na ndani, nene kama dawa ya meno kwenye mswaki. Kwa nje ilipendeza. Gari halikudondosha hata tone kwa miezi miwili, nami nikamsifu kwa watu. Siku moja nikipanda Manyovu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima hapohapo. Nilipotazama dipstiki, oili ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa. Oili ipo, presha haipo.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iliposhushwa, kile chujio cha waya ambacho pampu hunyonyea oili kilikuwa kimezibwa na vipande vya silikoni, vingine virefu kama tambi. Inakuwa hivi: kava ikibanwa, silikoni iliyozidi hujikunja pande mbili. Ya nje unaiona. Ya ndani inaning'inia ikirushiwa oili ya moto, inalegea, inakatika, inashuka na mikondo ya kurudishia oili hadi kwenye sampu. Chujio kikiziba, kamshafti na beringi zinakosa oili wakati dipstiki inakuambia mambo ni mazuri. Mimi niliwahi. Asiyeiona ile taa anaua injini nzima kwa ajili ya mpira wa bei ndogo.

Silikoni ina mahali pake, na ni padogo. Kwenye 1NZ ni sehemu mbili tu, pale kava ya cheni ya taimingi inapokutana na hedi, kwa sababu maungio ya vyuma viwili huacha mwanya ambao mpira hauwezi kuujaza. Tone la ukubwa wa punje ya maharage linatosha kila upande. Kwingine kote gasketi ya mpira hukaa kavu kwenye mfereji wake. Iwe silikoni ya kuhimili oili na joto, na usome kwenye tyubu muda wa kusubiri kabla ya kuwasha. Ukiwasha mapema unaiosha ingali mbichi.

“Tia oili nzito”

Oili nzito huvuja polepole kidogo, basi. Kwenye injini kama 1NZ yenye VVT-i, mfumo unaogeuza majira ya vali kwa presha ya oili kupitia njia nyembamba, uzito usiofaa unakuletea tatizo la pili na la kwanza lingalipo. Tia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

“Ni jasho tu, na mafuta hulinda chuma”

Hii nimeisikia zaidi kwa wazee wa hapa, na wana ushahidi wao: Liemba. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi ziwani kwa jina tunalolijua. Ni kweli tupu, na ni fahari yetu.

Lakini grisi ile ilipakwa makusudi kwenye mitambo iliyozimwa, isiyokuwa na moto. Oili ya kava inadondokea ekzosi inayochoma. Ile harufu ya kuungua unayoisikia ukisimama kwenye taa ni oili juu ya chuma cha moto, na ikikutana na vumbi na tambara lililosahauliwa inaweza kushika moto. Ikishuka upande wa pili inaifikia alteneta, inalainisha mpira wa feni na mipira ya rejeta hadi inavimba. Na inapungua: 1NZ hubeba lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo lita moja iliyopotea barabarani ni zaidi ya robo ya oili yote. Watu wa Kigoma tunayajua mafuta. Hakuna mwenye duka la mawese anayevumilia dumu linalovuja, hata kwa tone.

“Gasketi mpya inamaliza kila kitu”

Si kama injini haipumui. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, na lazima itoke. Hutolewa na vali ndogo ya kupumulia iliyoko kwenye kava, ambayo mpira wake unarudisha gesi hiyo kwenye njia ya hewa. Vali ikiziba, presha inatafuta mlango, na mlango dhaifu ni gasketi, hasa unapopanda mlima umekanyaga mafuta. Ndiyo maana wengine hubadilisha gasketi kila baada ya miezi michache wakilaumu spea feki. Ichomoe vali uitikise: nzima hulia tiktik. Irudishe kwenye mpira wake, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), weka kidole mdomoni mwake: unapaswa kuhisi mvuto. Ikiwa kimya, ibadilishe siku hiyohiyo. Kama vali ni nzima na bado moshi unasukuma kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka na hilo ni suala jingine.

“Si kazi ya nyumbani”

Kwa injini ya silinda nne ambayo kava yake iko wazi, inawezekana kabisa. Zile ambazo njia ya hewa imelala juu ya kava, au dizeli ambazo nozeli zinapita humo, mpe mzoefu.

Chagua asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza kurusha vumbi, maana hedi itakuwa wazi. Injini iwe ya baridi, betri umeitoa waya. Puliza uchafu wote kuzunguka kava na koili kabla ya kulegeza chochote, la sivyo mchanga unaingia mahali ambapo oili pekee inaruhusiwa. Kama kisima kimejaa oili, inyonye kwa kitambaa kabla ya kutoa plagi, isije ikamwagika ndani ya silinda. Piga picha kwa simu, panga bolti kwenye boksi kwa mpangilio wake.

Kava ikigoma, igonge pembeni kwa mkono au nyundo ya mpira. Bisibisi haichomekwi kwenye maungio. Mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni njia mpya ya kuvujia. Masalia ya gasketi na silikoni yakwangue kwa kadi ngumu ya plastiki, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hadi ukipitisha kidole kisiteleze. Hatua hii ndiyo inayoamua, na ndiyo watu wanayoiharakisha. Mpira wa zamani usirudishwe hata ukionekana mzima. Badilisha na sili za visima pamoja, kwa kuwa umeshafungua.

Kaza bolti kwa vidole kwanza zote, kisha kuanzia katikati kwenda nje, kwa kupishana, mizunguko miwili au mitatu. Hesabu nati na matambara yako kabla ya kuwasha.

Oili chafu na matambara usimwage mtaroni. Mitaro yetu huteremka ziwani.

Ukiwasha, iache ipate moto, mulika kote, kisha zima. Usiku tandika boksi jeupe chini ya injini. Asubuhi tone moja la oili iliyobaki kwenye mikunjo si ajabu. Futa, tandika boksi jingine, na ulitazame tena baada ya safari ya kwanza ya mlimani.