Injini zikizimika, ndege haidondoki kama jiwe

Wengi huamini injini zote zikizimika angani, ndege hudondoka papo hapo. Sivyo. Kinachoibeba ndege ni mabawa. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele ili hewa ipite kwenye mabawa hayo. Zikizimika, ndege huendelea kuteleza huku ikishuka taratibu.

Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat, ikitoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki baada ya bomba kuvuja. Iliteleza kama dakika 19, ikatua kisiwani Terceira, Azores, kwa kishindo, na matairi yakapasuka ilipofunga breki. Wote 306 walisalimika.

Na ule mngurumo unaofifia ghafla kabla ya kutua, abiria wakashika viti? Rubani amepunguza tu nguvu ya injini. Ni jambo la kila safari.