Kisanduku kidogo ndani ya kidaka

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la vitambaa huku Langoni, Lamu, aliniletea kompyuta yake ndani ya kikapu, juu yake mafungu mawili ya mchicha. "Mwanangu, inavuma kama boti ya mashine, na hesabu zangu hazifunguki."

Ni ile kompyuta ndogo ya mezani, kama sentimita 18 kwa 18 na unene wa 3.5, mtumba uliotoka maofisini ng'ambo. Nililegeza skrubu moja ya nyuma, kifuniko kikateleza. Feni ya humo ndani haizidi kiganja cha mtoto, na kati yake na mapezi ya shaba yanayopoza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, palikuwa na kitu kama sufi: nyuzi za khanga, vumbi na unyevu wa chumvi vilivyoshikana mpaka nikavitoa kwa koleo kipande kizima. Kingo za shaba zilikuwa zimeanza kuota ukijani. Kabla ya kusafisha, prosesa ilikuwa imefika nyuzi joto 96. Nilipopiga brashi, nikapangusa kwa spiriti na kupaka pesti mpya ya kupitishia joto, kazi ileile ikaishia nyuzi joto 61, na ule mvumo ukatulia.

Huo ndio udhaifu wake mkubwa katika mji wetu, ndiyo maana nimeanza nao. Kasha dogo lina pumzi ndogo. Kompyuta kubwa ya zamani hubeba vumbi la miaka na bado ikaenda. Hii ikizibwa kidogo tu, prosesa hujipunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe hudhani imezeeka. Na nyumba zetu za mawe zina mtego wake. Watu huona kidaka, ile shubaka ya ukutani ya kuwekea vitu, wakaona kimetengenezewa kisanduku hiki hasa, wakakisukuma mpaka ndani kabisa. Hewa ya moto haina pa kutokea, feni inavuta joto lake yenyewe. Ukipenda kidaka, basi kisanduku kikae ukingoni, tundu la kutolea joto likitazama chumbani.

Hata hivyo, nikiulizwa "fundi, ninunue hiki kidude au laptopu?", kwa mtu wa duka, wa ofisi au wa madrasa anayefanyia kazi mahali pamoja, jibu langu ni kidude. Sababu ni umeme.

Nimezipima kwa mita kwenye meza yangu. Kisanduku hiki kikiandika barua na kupiga hesabu hula wati 12 hadi 15. Kompyuta kubwa ya umri wake, kwa kazi hiyohiyo, ilikula 60. Skrini ya inchi 22 ni kama wati 20 kwa zote mbili. Sasa chukua betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, lakini betri ya madini ya risasi usiinywe zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 600. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nayo inakula chake, tuseme asilimia 15, zinabaki 510. Kisanduku na skrini yake vitakwenda zaidi ya saa 14. Ile kubwa haifiki saa 7. Kwa anayetegemea sola huko Manda au Kipungani, hiyo ni tofauti ya kufanya kazi usiku au kulala mapema.

Kasoro ni kwamba haina betri yake. Laptopu, umeme ukikatika, inaendelea; hii inazimika papo hapo, na sentensi uliyokuwa ukiiandika inakwenda nayo. Lazima iwe na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Bahati nzuri, kwa ulaji mdogo hivyo hata UPS ndogo kabisa hukupa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni adapta. Kompyuta hizi hupata volti 19 au 20 kutoka kwenye adapta ya nje ya wati 65 au 90. Napenda mpango huo, kwa kuwa umeme ukirudi kwa kishindo, wa kwanza kupigwa ni adapta, na mara nyingi hufa peke yake ikaiokoa bodi. Lakini vichwa vyake havilingani, na baadhi vina pini ya katikati inayoijulisha kompyuta ni adapta gani imechomekwa. Isipotambuliwa, kompyuta inajipunguza kasi kwa makusudi. Ustadhi mmoja alihangaika mwezi mzima, akabadilisha diski, akafuta kila kitu akaanza upya, kumbe alikuwa ameazima adapta ya laptopu ya jirani! Kwa hiyo nunua adapta ya pili siku ileile unayonunua kompyuta. Ikifa ya kwanza, kwetu utangoja mzigo kutoka Mombasa.

Kwenye kununua, soma namba ya prosesa. Chukua mfano wa i5-8500T ya Intel: ile 8 ni kizazi, na T ina maana imetengenezwa kwa wati 35. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. i5-7500T utauziwa rahisi, na sababu ni hiyo. Halafu hakikisha memori (RAM) inachomoka. Visanduku hivi vya maofisini vina nafasi mbili za memori ya aina ya laptopu, na diski unabadilisha mwenyewe.

Mac mini, kisanduku cha Apple, ni habari nyingine. Ilipoanza mwaka 2005 ilikuwa na sentimita 16.5 kila upande. Ya 2024 ina 12.7, iko kimya ajabu, na umeme inanusa tu. Lakini tangu 2020 memori imekaa pamoja na chipu, haiongezeki. Unachochagua siku ya kununua ndicho utakachokuwa nacho mpaka mwisho. Kwa mji usio na duka la vipuri, nashindwa kuipendekeza kwa moyo mmoja.

Na wanaohariri video za harusi wanunue kubwa. Humu hakuna nafasi ya kadi ya picha ya maana, na joto la saa tatu mfululizo litaishinda feni hii.

La Wi-Fi nalo: antena zake ni ndogo na kuta zetu za matumbawe ni nene. Vuta waya wa mtandao.

Ile ya mama nimeifunga nyuma ya skrini kwa bamba la skrubu nne, upande wa kutolea joto ukitazama mlangoni, mbali na meza ya kukatia vitambaa. Juu nimebandika utepe wenye tarehe ya kuirudisha kusafishwa, miezi mitatu kutoka leo.